Vishimo vya mapajani na makalioni: kinachopungua bila upasuaji, na kisichopungua

Swali la msomaji: Daktari, nina umri wa miaka 33 na ninaishi Tanga. Tangu nijifungue mtoto wa pili, ambaye sasa ana miezi minane na bado ananyonya, nyuma ya mapaja na makalioni pamejaa vishimo vishimo. Uzito wangu ni kilo 71 na urefu wangu ni sentimita 163. Saluni moja imeniambia kwamba nina sumu mwilini na mafuta yaliyoganda, na imenishauri nilipie mara kumi za mashine ya kufyonza ngozi pamoja na krimu yenye kafeini. Jirani yangu ananiambia nifunge mapaja kwa nailoni ninapofanya mazoezi, au nipigwe hijama. Sitaki kupasuliwa. Ni kipi kati ya hivi kinachosaidia kweli?

Jibu la mtaalamu:

Dada yangu, nianze na lile uliloliuliza mwisho, kwa kuwa ndilo linalohusu fedha zako. Bila upasuaji, mwonekano wa vishimo hivyo unaweza kupungua kwa kiasi ambacho wewe mwenyewe utakiona, lakini hakuna krimu, mashine ya saluni wala zoezi litakaloifanya ngozi ya mapaja iwe sawasawa kabisa na ibaki hivyo. Kila anayekuahidi zaidi ya hapo, mwombe akueleze tiba yake inagusa nini chini ya ngozi. Jibu la swali hilo ndilo linaloonyesha kama nafuu itadumu kwa saa chache, kwa miezi au kwa miaka.

Hali uliyoieleza ni selulaiti. Chini ya ngozi ya paja kuna tabaka la mafuta, na chini ya mafuta hayo kuna utando mgumu unaofunika msuli. Kutoka kwenye utando huo hadi kwenye ngozi zimepita nyuzi za kolajeni, yaani protini ngumu ya mwili, ambazo kazi yake ni kuishikilia ngozi mahali pake. Kwa wanawake wengi nyuzi hizo husimama karibu wima, na mafuta hukaa katika vyumba virefu vilivyo katikati yake. Kwa wanaume huenda mshazari na kupishana, hivyo mafuta hugawanyika katika vyumba vidogo ambavyo haviisukumi ngozi kwa nguvu. Mafuta yanapoongezeka, au ngozi inapopungua unene na kulegea, sehemu iliyoshikwa na uzi hubaki chini huku pembeni yake ikiinuka. Ukilitazama godoro la sufi lililoshonwa kwa uzi kutoka upande mmoja hadi wa pili utaona jambo hilo hilo: penye uzi pana shimo, na ukipunguza sufi shimo huwa la kina kifupi zaidi, lakini uzi bado upo.

Tofauti hii ya jinsi nyuzi zilivyopangwa ilielezwa na madaktari wa Ujerumani, Nürnberger na Müller, mwaka 1978, na picha za mashine ya MRI zilizopigwa miaka mingi baadaye zimeonyesha nyuzi nene zilizosimama chini ya vishimo vingi. Wao ndio pia walioweka ngazi ambazo bado tunazitumia kupima hali hii. Katika ngazi ya kwanza vishimo huonekana pale tu unapoiminya ngozi au unapokaza misuli. Katika ya pili huonekana ukisimama na hupotea ukilala. Katika ya tatu huonekana ukiwa umesimama na hata ukiwa umelala. Jipime leo mbele ya kioo, kwa sababu mwenye ngazi ya kwanza au ya pili hupata nafuu kubwa zaidi kwa njia nyepesi kuliko mwenye ya tatu.

Kuhusu sumu, ninakataa bila kusita. Hakuna sumu iliyojificha katika mapaja yako, na mafuta yaliyopo hapo hayajaganda. Ni seli za mafuta za kawaida, zilizo hai, zinazolishwa na damu kama zile za sehemu nyingine. Makadirio yanayokubalika miongoni mwa madaktari wa ngozi ni kwamba kati ya asilimia 80 na 90 ya wanawake waliovuka balehe wana selulaiti kwa kiwango fulani, wakiwemo wembamba na wanamichezo. Homoni ya istrojeni ina nafasi yake, ndiyo maana hali hii huanza baada ya balehe na mara nyingi huonekana zaidi baada ya ujauzito, wakati ambapo mafuta ya mapajani huongezeka na ngozi hutanuka. Urithi nao una sehemu kubwa. Katika majarida ya mitindo ya Marekani, neno hili lilianza kuvuma mwishoni mwa miaka ya 1960, na tangu hapo biashara kubwa imejengwa juu ya hofu ya kitu ambacho wanawake walikuwa nacho siku zote bila kuambiwa kwamba ni ugonjwa. Ninayasema haya kwa sababu ninawaona wanawake wanaojinyima fedha za chakula cha watoto ili walipie tiba za ugonjwa ambao hawana, na jambo hilo linanisikitisha sana. Kutaka ngozi yako ipendeze si kosa, lakini uitake ukijua kwamba huumwi.

Sasa tuzipime njia. Tiba yoyote ya selulaiti inaweza kugusa vitu vinne tu: maji yaliyo katika ngozi, mafuta, unene na uimara wa ngozi yenyewe, na nyuzi zinazoivuta chini. Kubadilisha maji ni rahisi na nafuu yake ni ya muda mfupi. Kubadilisha mafuta na ngozi huchukua miezi. Nyuzi haziguswi na chochote kinachopakwa juu.

Kwa hali yako ningeanza na uzito na misuli. Uwiano wa uzito wako na urefu wako (BMI) ni takriban 26.7, yaani juu kidogo ya kiwango cha 25 tunachokitumia kama mpaka wa uzito wa kawaida, kwa hiyo kushuka hadi karibu na kilo 66 kungepunguza msukumo wa mafuta dhidi ya ngozi. Shuka polepole, isizidi nusu kilo kwa wiki, kwa sababu unanyonyesha na mwili wako unahitaji chakula cha kutengeneza maziwa. Usijaribu vidonge wala chai za kupunguza uzito katika kipindi hiki. Polepole ni muhimu kwa sababu ya pili pia. Wanawake waliofuatiliwa wakati wakipunguza uzito hawakupata matokeo yanayofanana: wengi walipata nafuu, lakini wapo ambao vishimo vyao viliongezeka, hasa wale ambao ngozi yao ilibaki imelegea baada ya mafuta kuondoka. Mwanamke mwembamba mwenye selulaiti hana sababu ya kujikondesha zaidi.

Ndiyo maana mazoezi ya kutembea peke yake hayatoshi, ingawa ni mazuri kwa moyo. Msuli wa makalio na wa nyuma ya paja ukikua, huijaza nafasi iliyo chini ya mafuta na kuikaza ngozi kutoka ndani. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima wafanye angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli kwa siku mbili au zaidi, na kipimo hicho kinakufaa. Huhitaji ukumbi wa mazoezi. Chuchumaa na kusimama huku umeshika dumu la lita tano la maji katika kila mkono, ambalo ni kilo tano. Lala chali, kunja magoti, kisha inua nyonga na uzishikilie juu kwa sekunde chache. Panda na kushuka kwenye kidaraja au ngazi kwa mguu mmoja mmoja. Ongeza uzito kadiri mwili unavyozoea, kwa sababu msuli usiopewa kazi ngumu kuliko jana haukui. Mabadiliko ya misuli huanza kuonekana baada ya wiki nane hadi kumi na mbili, kwa hiyo usijihukumu katika wiki ya tatu.

Krimu yenye kafeini ina maelezo ya kisayansi yanayovutia kuliko matokeo yake. Ni kweli kwamba kafeini, pamoja na dawa inayofanana nayo iitwayo aminofilini, huzifanya seli za mafuta zitoe mafuta zikiwekwa katika maabara. Lakini ngozi imeumbwa kuzuia vitu visipite, na kiasi kinachofika kwenye mafuta ni kidogo. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 1999, wanawake 52 walifuatiliwa kwa wiki 12, baadhi wakipaka krimu ya aminofilini, baadhi wakitumia mashine ya kufyonza na kuviringisha ngozi, na baadhi wakitumia vyote viwili. Vipimo havikuonyesha tofauti ya maana. Walipoulizwa wenyewe, nafuu iliripotiwa kwa miguu 3 kati ya 35 iliyopakwa krimu, na miguu 10 kati ya 35 iliyopitishwa kwenye mashine. Ngozi iliyopakwa krimu ya kafeini inaweza kuonekana imekaza kwa saa kadhaa, na sehemu ya nafuu hiyo inatokana na mkono unaosugua na mafuta yanayolainisha.

Kitu kinachopakwa ambacho ninakiheshimu zaidi ni retinoli, ambayo ni aina ya vitamini A, kwa kuwa yenyewe hailengi mafuta. Huifanya ngozi itengeneze kolajeni na kuwa nene kidogo, na ngozi nene huonyesha vishimo kidogo. Imejaribiwa kwa kiwango cha asilimia 0.3 kwa muda wa miezi sita, na nafuu iliyopatikana ilikuwa ndogo lakini ya kweli. Kwako ninashauri usubiri hadi utakapomwachisha mtoto kunyonya, na uiache kabisa kama utapanga ujauzito mwingine. Ukianza, paka usiku mara mbili kwa wiki kwanza, kwa sababu retinoli inaweza kuwasha, na ngozi nyeusi ikiwashwa huacha weusi unaokaa miezi. Kwa sasa mafuta ya nazi au losheni ya kawaida isiyo na manukato makali inatosha kuilainisha ngozi, na ngozi laini huakisi mwanga vizuri zaidi.

Mashine ya kufyonza ilibuniwa Ufaransa katika miaka ya 1980, na Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliiruhusu itangazwe kuwa inapunguza mwonekano wa selulaiti kwa muda tu. Zingatia maneno hayo ya mwisho. Mashine husukuma maji kutoka katika tishu na kuifanya ngozi ivimbe kidogo kwa usawa, kisha hali hurudi ilivyokuwa, na ili nafuu ibaki unapaswa kuendelea kulipa. Masaji ya mkono hufanya kazi inayokaribiana na hiyo. Ninyi wa mwambao mnaijua singo ya bi harusi, ambapo ngozi husuguliwa kwa mchanganyiko wa liwa na manukato hadi ikang'aa. Ni huduma nzuri, inaondoa ngozi iliyokufa na kuamsha damu, na kama una shughuli siku ya Jumamosi, kusingwa Ijumaa kunaweza kukupa mwonekano uleule wa muda unaouzwa na mashine. Nyuzi zilizo chini hazibadiliki kwa njia yoyote kati ya hizo mbili.

Nailoni huongeza jasho. Unene unaopungua baada ya kuifungua ni maji, nayo hurudi mara tu unapokunywa. Zaidi ya hapo, joto na unyevunyevu uliofungiwa huleta vipele na fangasi kwenye mapaja, hasa katika hali ya hewa ya Tanga. Hijama ya mapajani ninaipinga kwa sababu hii. Vikombe huvunja mishipa midogo ya damu, damu huvuja chini ya ngozi, na katika ngozi yetu alama hiyo hugeuka kuwa doa jeusi linaloweza kuonekana kuliko kishimo kilichokusudiwa kuondolewa. Ile ya kuchanja ina hatari ya nyongeza ya kuambukizwa homa ya ini au virusi vya UKIMWI endapo wembe umetumika kwa mtu mwingine. Kusugua kwa ndimu nako kuache, kwa sababu maji ya ndimu yakipigwa na jua juu ya ngozi huiunguza na kuacha mabaka.

Ninaloliogopa kuliko yote hayo ni mkorogo. Mara nyingi krimu zinazouzwa bila lebo katika vikopo vidogo, zikidaiwa kukaza na kung'arisha mapaja, huwa na dawa kali za jamii ya steroidi kama klobetasoli, au haidrokwinoni inayofifisha weusi wa ngozi, au zebaki. Steroidi ikipakwa kwa miezi huipunguza ngozi unene, huivunja kolajeni na kuleta michirizi mipana isiyofutika. Yaani inafanya kinyume kabisa cha kile tunachokitaka, kwa sababu ngozi nyembamba ndiyo inayoonyesha vishimo vyote. Zebaki nayo hupita kwenye ngozi na kuharibu figo, na kwa mama anayenyonyesha humfikia mtoto. Haidrokwinoni na zebaki zimepigwa marufuku katika vipodozi nchini Tanzania, na tangu mwaka 2019 usimamizi wa vipodozi uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania. Krimu isiyo na jina la mtengenezaji, orodha ya viambato na tarehe ya mwisho wa matumizi usiipake, hata kama imemsaidia rafiki yako.

Zipo pia tiba za hospitali na kliniki maalumu zisizohitaji kisu, au zinazohitaji tundu dogo tu. Mawimbi ya redio huipasha ngozi joto la ndani, kolajeni hujikunja na mpya hutengenezwa katika miezi inayofuata. Mawimbi ya mshtuko, ambayo wataalamu wa fiziotherapia huyatumia pia kwa maumivu ya kisigino, hutolewa kwa awamu kadhaa. Zote mbili huleta nafuu ya kati kwa miezi, kisha hurudiwa, na gharama yake ni kubwa. Njia inayogusa nyuzi zenyewe ni ya kuzikata kwa sindano maalumu chini ya ganzi. Mwaka 2000 daktari wa ngozi wa Brazil, Doris Hexsel, pamoja na mwenzake, waliripoti matokeo yake kwa wagonjwa 232, na vifaa vilivyotengenezwa baadaye vimeonyesha nafuu inayodumu kwa miaka. Hiyo ndiyo tiba yenye matokeo ya kudumu kuliko zote nilizozitaja, lakini inafaa vishimo vya kimoja kimoja vyenye mpaka unaoonekana, si mawimbi ya ngozi iliyolegea, na haikwepi michubuko. Kwa kuwa umesema hutaki kupasuliwa, ujue kwamba hii imekaa mpakani.

Kisa cha sindano moja kinafaa ukijue. Mwezi Julai 2020 Marekani iliidhinisha kimeng'enya kinachoyeyusha kolajeni, kilichouzwa kwa jina la Qwo, kichomwe kwenye vishimo vya makalio mara tatu kwa kuachana siku 21. Kiliidhinishwa kwa sababu vishimo vilipungua kwa sehemu ya wanawake waliojaribiwa. Lakini Desemba 2022 kampuni iliyokitengeneza ilitangaza kuacha kukizalisha, kwa sababu ya ukubwa wa michubuko na weusi wa ngozi uliochukua muda mrefu kuisha. Mtu akikuambia leo kwamba anayo sindano ya kuyeyusha selulaiti, usimruhusu akuchome. Ni hatari zaidi kuchomwa majimaji yasiyojulikana ya kujaza makalio, ambayo yameua watu na kuwaachia wengine uvimbe wa kudumu. Ukihitaji ushauri wa ana kwa ana, muone daktari wa ngozi aliyesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Wataalamu wanapatikana Muhimbili, na pia Moshi katika kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo KCMC, ambacho kimekuwa kikiwafundisha madaktari wa ukanda huu tangu mwaka 1992.

Kuna dalili ambazo si selulaiti, na hizo hazingoji. Mguu mmoja uliovimba ghafla, wenye joto na maumivu, unaweza kuwa na damu iliyoganda kwenye mshipa au maambukizi ya bakteria, na unahitaji hospitali siku hiyohiyo. Mapaja yote mawili yakinenepa kwa namna moja, yakiuma yanapoguswa na kuchubuka kwa urahisi huku nyayo zikibaki nyembamba, huenda ni ugonjwa wa mafuta uitwao lipidema, ambao una matibabu yake. Na ngozi yenye vishimo kama ganda la chungwa ikitokea kwenye titi, nenda hospitali mara moja, hata kama unadhani ni maziwa yaliyojaa, kwa sababu inaweza kuwa saratani.

Kwa hiyo mara kumi za saluni usizilipie kwa sasa. Piga picha mbili leo, moja ukiwa umesimama wima na nyingine ukiwa umekaza makalio, mahali pamoja, saa ileile ya siku na mwanga ukitoka upande uleule, kwa kuwa mwanga wa juu peke yake unaweza kuongeza au kufuta vishimo. Fanya mazoezi ya kubeba uzito siku tatu kwa wiki, punguza sukari, soda na vitu vya kukaangwa bila kupunguza maharage, samaki, mboga na matunda, kisha baada ya wiki 12 piga picha nyingine mbili. Saluni ikiendelea kukushawishi, iombe ikuonyeshe picha za wateja wake zilizopigwa angalau miezi mitatu baada ya huduma ya mwisho, katika mwanga uleule wa mwanzo, na uulize kwa maandishi ni viambato gani vilivyomo katika krimu. Mtoto akishaacha kunyonya, na kama vishimo bado vinakusumbua, ndipo tutakapozungumza kuhusu retinoli, na baada ya miezi sita ya hiyo ndipo daktari wa ngozi atakapoweza kukuambia kama vishimo vyako ni vya aina inayofaa kukatwa nyuzi au la.